Sina diski ya SCSI, kwa nini niiwashe?

"Dada, mimi sina diski ya SCSI. Kwa nini niiwashe?"

Swali hili naulizwa na karibu kila kijana anayekaa kwenye benchi la duka langu hapa Ngamiani, Tanga, akijaribu kukompaili kerneli ya Linux, yaani kujitengenezea kiini cha mfumo kutoka kwenye msimbo wake, kwa mara ya kwanza. Wala si swali la kipuuzi. Amefungua `make menuconfig`, menyu ya kuchagua kitakachoingia kwenye kerneli, ameingia kwenye sehemu ya draiva (programu za kuendesha vifaa), anapitia mstari mmoja mmoja akitoa asichokuwa nacho. Floppy hana. Fibre Channel hajawahi hata kuiona. SCSI anaijua kwa kusikia tu, diski za seva za zamani zenye kebo pana, basi naye anaitoa.

Menyu haitamruhusu kuzima SCSI yote, maana ATA, sehemu inayoendesha diski za kawaida za SATA, inaishikilia. Lakini ndani yake kuna mstari mmoja, BLK_DEV_SD, draiva ya diski zenyewe, na huo unazimika bila onyo lolote. Kerneli inakompailika vizuri, inasakinishwa vizuri, halafu ukiwasha mashine inasimama njiani na kukuandikia `Kernel panic`, yaani kerneli imekwama kabisa.

Jibu lenyewe ni kwamba ndani ya Linux diski yako ya SATA inahesabiwa kuwa diski ya SCSI. Flashi yako pia. Ndiyo maana zote zinaitwa sda, sdb, sdc. Waliotumia Linux zamani watakumbuka diski ikiitwa hda, wakati wa draiva za kale za IDE, aina ya diski iliyotangulia SATA. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jeff Garzik akaandika libata kwa ajili ya diski za SATA zilizokuwa zinaingia sokoni, na badala ya kujenga kila kitu upya akaiweka chini ya tabaka la SCSI. Tabaka hilo lilikuwa tayari linajua kupanga foleni ya maombi, kungoja diski iliyochelewa kujibu na kushughulikia makosa. Kazi ya libata ikawa kupokea amri za SCSI na kuzigeuza kuwa amri za ATA. Kwa flashi mambo ni ya moja kwa moja zaidi: amri zinazopita kwenye waya wa USB kwenda kwenye flashi ni za SCSI kabisa, zimefungashwa tu kwa namna ya USB.

Kuna jambo hunichekesha hapa. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds alipowatangazia watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia, kwamba anaandika mfumo wake, alisema pengine hautawahi kutumia diski nyingine zaidi ya zile za AT, yaani za kompyuta za IBM PC/AT na zinazofanana nazo, kwa sababu ndizo pekee alizokuwa nazo. Leo draiva za kale za IDE hazimo tena, ziliondolewa kwenye toleo la 5.14 mwaka 2021, na ukichomeka diski ya kizazi kile itapita kwa libata, chini ya SCSI, kama wenzake wote.

Kabla sijaendelea, niseme wazi: huhitaji kukompaili kerneli yako. Ile inayokuja na Debian (aina mojawapo ya Linux) inatosha, na wateja wangu wote nawaachia hiyo. Mimi nafanya kwa sababu napenda, na kwa sababu kuipitia menyu ile kumenifundisha mashine kuliko kozi yoyote niliyolipia. Na nikifanya, napunguza kwelikweli. Kukompaili kila kilichomo kwenye config (faili la machaguo) ya Debian kwa laptopu ya mtumba ni kazi ya saa nyingi, feni inalia, uniti za LUKU zinayeyuka, na moduli nyingi (vipande vya pembeni vya kerneli) zinazotengenezwa hazitapakiwa hata siku moja.

Ninayotumia kila siku ni ThinkPad X220, mashine ya mwaka 2011. Kabla ya kugusa menyu naiuliza yenyewe ina nini:

`lspci -k`

Kwenye orodha natafuta kidhibiti cha SATA. Kipo kwenye anwani 00:1f.2, ni cha Intel, na chini yake pameandikwa draiva inayotumika: `ahci`. Hapo nimeshajua kwamba nahitaji SATA_AHCI. Kama kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla Linux haijaanza, mtu ameweka kidhibiti kwenye hali ya zamani badala ya AHCI, ungekuta `ata_piix`, ambayo ni draiva nyingine na mstari mwingine kwenye menyu. Nimeona watu wakibadilisha hali hiyo kwenye BIOS baada ya kumaliza kila kitu, halafu wanashangaa diski imekwenda wapi.

Kutoka hapo nafuata njia kutoka kwenye bodi mpaka kwenye faili. PCI, njia inayounganisha vifaa vya ndani ya bodi, iwepo, maana kidhibiti kinakaa juu yake. Kisha ATA, kisha SATA_AHCI. Kisha SCSI, inayojiwasha yenyewe ukiwasha ATA, na BLK_DEV_SD, isiyojiwasha yenyewe. Kisha aina ya jedwali la partisheni (orodha ya vipande vya diski): diski ikiwa na GPT unahitaji EFI_PARTITION, ikiwa na MBR unahitaji MSDOS_PARTITION. Mwisho mfumo wa faili, kwangu ni EXT4_FS. Kukosekana kwa kimoja tu kunatosha kuzuia mashine kuwaka, na hakuna kinachojua kwamba mwenzake hayupo.

Ndani ya menuconfig bonyeza alama ya `/` uandike jina unalotafuta. Itakuonyesha mstari ulipo, unategemea nini, na namba ya kubonyeza ili urukie hapo. Sioni sababu ya mtu kuzunguka kwenye menyu zile kwa macho.

Kijana mmoja wa Muheza aliniletea kesi nzuri sana ya jambo hili. Usiku, WhatsApp: "Shikamoo dada, nimekwama, mashine haiwaki." Chini yake picha ya mstari mmoja tu wa mwisho. Nikamjibu, "Marahaba. Nipigie picha skrini yote, mstari wa mwisho haunisaidii."

Ile picha ya pili ilikuwa na kila kitu. Juu kidogo paliandikwa `ata1: SATA link up`, maana yake AHCI inafanya kazi na waya unaongea. Chini yake `scsi 0:0:0:0: Direct-Access ATA` na jina la diski, yaani libata imeshaitambua na kuikabidhi kwa SCSI. Baada ya hapo ulitakiwa ufuate mstari unaoanza na `sd 0:0:0:0: [sda]`. Haukuwepo. Diski imefika mlangoni, imejitambulisha, na hakuna wa kuipokea. Mbele zaidi ndipo ilipokuja habari mbaya: kerneli imeshindwa kufungua sda2, `unknown-block(0,0)`.

Namba hizo mbili kwenye mabano ndizo ninazoangalia kwanza siku zote. Ni namba za kifaa ambacho kerneli ilijaribu kukifungua. Ikiwa ni 0,0, kerneli haijui kabisa kifaa hicho ni kipi, kwa hiyo tatizo liko kwenye draiva, au jina uliloandika kwenye `root=`, mahali unapoitajia kerneli partisheni yenye mfumo, halipo. Ikiwa ni 8,2, namba 8 ni ya diski za sd na 2 ni partisheni ya pili ya diski ya kwanza. Hapo diski imeonekana, partisheni imeonekana, kilichokosekana ni uwezo wa kusoma kilichomo. Kwa NVMe, SSD za kasi za mashine mpya, utaona 259, kwa kadi za SD na eMMC 179. Karibu na hapo kerneli huorodhesha partisheni zote ilizoziona. Orodha ikiwa tupu, rudi kwenye draiva. Ikiwa inaonyesha sda nzima lakini sda2 haimo, kaangalie jedwali la partisheni.

Basi akawasha BLK_DEV_SD, akakompaili tena, akanitumia picha nyingine. Safari hii 8,2. Nikamwambia hongera. Hakufurahi.

"Lakini EXT4 nimeiwasha dada, ona, imeandikwa M."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kwenye menyu kitu kama hiki kina hali tatu: Y inakiweka ndani ya kerneli yenyewe, M inakitengeneza kama moduli, faili la pembeni litakalopakiwa baadaye, na N inakiacha. Kwa kadi ya sauti M haina shida yoyote, kerneli itawaka kwanza, moduli itafuata. Lakini moduli zinakaa `/lib/modules`, na `/lib/modules` iko kwenye diski, ndani ya ext4. Kuweka EXT4 kama M, bila maandalizi mengine, ni kama kamba ya ndoo kutumbukia kisimani pamoja na ndoo yenyewe. Chochote kilicho kwenye njia ya kufikia mzizi wa mfumo, ile partisheni ya `root=`, lazima kiwe Y.

Maandalizi mengine ninayosema ni initramfs, mfumo mdogo wa faili ambao GRUB, programu inayoianzisha kerneli, huupakia kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli, kabla diski haijaguswa na Linux. Ndani yake zinawekwa moduli zinazohitajika kuifikia diski. Debian inafanya hivyo, na inabidi ifanye hivyo, kwa sababu kerneli yake inatakiwa iwake kwenye mashine ya kila mtu na haiwezi kubeba draiva za diski za dunia nzima ndani ya tumbo lake. Ukitumia initramfs, M kwenye EXT4 haina neno. Na kama diski yako imefungwa kwa nywila kwa LUKS, initramfs huna budi kuwa nayo, maana lazima kuwe na programu ya kukuuliza nywila.

Mimi kwenye X220 situmii. Kila kilicho kwenye njia ni Y, kerneli inawaka moja kwa moja. Lakini kuna mtego mmoja: huwezi kuandika `root=UUID=` kama ulivyozoea kuona kwenye mipangilio ya GRUB. UUID hiyo, namba ya utambulisho, ni ya mfumo wa faili, na kerneli peke yake haiisomi, ni kazi ya programu zilizo ndani ya initramfs. Inachoelewa kerneli yenyewe ni PARTUUID, namba iliyoandikwa kwenye jedwali la partisheni. Endesha `blkid` utaziona zote mbili kwenye mstari mmoja. Afadhali hiyo kuliko kuandika `/dev/sda2`, kwa sababu ukiwa na diski mbili, au umeacha flashi imechomekwa, sda ya leo inaweza kuwa sdb kesho. Na kama unawasha mfumo kutoka kwenye flashi au kadi, ongeza `rootwait`, kwa sababu USB huchelewa kujitokeza na kerneli haitaingoja usipoiambia.

Kuhusu njia ya mkato: `make localmodconfig`. Iliingia kwenye toleo la 2.6.32, kazi ya Steven Rostedt, na naipenda. Inaangalia moduli zilizopakiwa wakati huo na kuzima nyingine zote. Config ya maelfu ya moduli inabaki na chache unazozitumia. Ila inaona kilichopo kwa dakika ile tu. Usipochomeka flashi kabla ya kuiendesha, usb-storage haitakuwemo. Usipoweka kadi ya SD, huenda draiva ya kisoma kadi isiwemo. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza Enter meza yangu hujaa: flashi, diski ya nje, kadi ya SD, simu kwenye kebo, hata kisoma DVD cha USB ninachokitumia mara moja kwa mwaka. Na haitoshi kuvichomeka, navifungua, nasoma faili moja kwenye kila kimoja, ili na moduli za mifumo ya faili zipakiwe.

Hizo moduli za mifumo ya faili ndizo watu husahau. Flashi ndogo nyingi zina FAT32, hivyo VFAT_FS iwepo. Sawa, umeiwasha, na flashi bado inakataa kufunguka. Soma `dmesg`, ujumbe wa kerneli: utakuta FAT inalalamika kwamba `codepage cp437 not found`. FAT huhifadhi majina mafupi ya faili kwa herufi za DOS ya zamani, na kerneli inahitaji jedwali la kuzitafsiri. Washa NLS_CODEPAGE_437 na NLS_ISO8859_1, ziko mbali mwishoni mwa menyu ya mifumo ya faili ambako hakuna anayefika. Kumbuka pia partisheni ya EFI, ile inayopachikwa `/boot/efi`, ni FAT hiyohiyo.

Kadi kubwa, zinazozidi GB 32, hutoka kiwandani na exFAT. Zamani hii ilikuwa kero, ila Microsoft ilitoa maelezo yake hadharani mwaka 2019 na tangu toleo la 5.7 la mwaka 2020 kuna draiva nzuri ndani ya kerneli, EXFAT_FS. Na diski za nje za wateja, zile walizojaza picha za harusi wakiwa na Windows, nyingi zina NTFS. Hiyo sasa ni NTFS3_FS, iliyotolewa na kampuni ya Paragon na kuingia toleo la 5.15. Hizi zote kwangu ni M. Hazipo kwenye njia ya mzizi, zitapakiwa zikihitajika.

Mashine mpya zina hadithi nyingine. NVMe haipiti SCSI kabisa. Ina draiva yake, BLK_DEV_NVME, iliyomo tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, na majina yake, nvme0n1 na partisheni nvme0n1p2. Iliachana na njia ya zamani kwa sababu njia ile iliundwa kwa diski zinazozunguka: AHCI ina foleni moja ya amri 32, wakati NVMe inaruhusu foleni 65,535, na kila foleni inaweza kubeba maelfu ya amri. Kwa hiyo kijana mwenye laptopu ya NVMe tupu anayeniuliza kuhusu SCSI ana haki zaidi ya wenzake. Naye namwambia aiwashe, kwa sababu ya flashi.

Kuna kitendawili kimoja kwenye laptopu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea. NVMe umeiwasha kama Y, kila kitu kiko sawa, na bado kerneli haioni diski. Mara nyingi kwenye BIOS kuna kitu kinaitwa VMD kimewashwa, nacho kinaificha diski nyuma yake. Ama ukizime kwenye BIOS, ama uwashe draiva yake, VMD. Ukiitafuta kwenye sehemu ya diski hutaiona, iko kwenye menyu ya PCI, chini ya vidhibiti vya PCI. Angalia kwanza kama kuna Windows upande wa pili, maana ukikizima VMD kwenye BIOS, Windows iliyosakinishwa nacho inaweza ikagoma kuwaka, na mwenye laptopu atarudi kwako wewe.

Kama bado una diski inayozunguka, na hapa dukani bado ni nyingi, washa IOSCHED_BFQ. Hii ni mpangaji wa foleni aliyeingia toleo la 4.12, mwaka 2017. Kwenye SSD sioni tofauti ya maana, lakini kwenye diski ya zamani inayonakili faili kubwa huku mtu anataka kufungua kivinjari, tofauti naiona waziwazi. `cat /sys/block/sda/queue/scheduler` itakuonyesha waliopo, aliyechaguliwa yuko ndani ya mabano ya mraba.

Iliyopo mezani sasa hivi ni laptopu ndogo ya mwanafunzi, ile ya bei rahisi ambayo diski yake ni eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, GB 32 tu. Hiyo `lspci` inaweza isikuonyeshe kidhibiti chochote cha diski, kwa sababu kidhibiti kinatangazwa kupitia ACPI, majedwali ambayo BIOS huikabidhi kerneli. Njia yake ni MMC, MMC_BLOCK, MMC_SDHCI na MMC_SDHCI_ACPI, zote Y, na mzizi unaitwa mmcblk0p2. Ukiendesha `lsblk` utaona pia mmcblk0boot0 na mmcblk0boot1, vipande vidogo vya MB chache. Hivyo si vyako. Viache kama vilivyo, usiviumbize upya hata kama unatafuta nafasi.